Nusu Mbili za Kokwa la Mkoma

Enzi zetu risasi hazikuwa za kubonyeza kwenye simu. Ulizifinyanga mwenyewe, moja moja, kwa udongo wa kando ya mto Turkwel, na mkebe ukianguka ulijua ni mkono wako uliofanya kazi tangu mwanzo. Leo mwanangu anapiga risasi mia tatu kabla ya chai ya asubuhi na hajawahi kuchafua kucha. Nikimsimulia habari za manati, ananiangalia kwa huruma.

Nilikuwa na miaka kumi baba, karani wa serikali, alipohamishiwa Lodwar kutoka Kisii. Niliupenda mji ule upesi: mchanga wa saa saba uliotufanya turukeruke kama tunacheza ngoma, harufu ya samaki wakavu sokoni, na githeri ya shule, mahindi kwa maharagwe, ambayo ulitafuna polepole kwa kuogopa changarawe. Kitu kimoja tu kiliniuma. Watoto wenzangu waliniita mtu wa Kenya, kana kwamba Lodwar ilikuwa nchi nyingine. Hawakuwa na ubaya, lakini mimi nilitaka kuhesabiwa mtu wa hapo.

Jirani yetu Akiru, msichana mwenzangu wa rika langu, ndiye aliyenifundisha kulenga. Alikuwa na kalibu ya risasi iliyotokana na kokwa la mkoma, mti ufananao na mtende, kokwa gumu kama pembe, lililokatwa katikati na kukwanguliwa ndani. Yeye alishika nusu moja, mimi nusu nyingine, tukabana udongo katikati mpaka vidole vikauma, kikatoka kidonge cha mviringo. Kisha nyanya yake alivipanga vidonge vyetu kwenye mchanga wenye baridi chini ya mtungi wa maji, vikakaa huko siku nne nzima. Siku nne! Mimi sikuwa na subira hiyo.

Likizo ya Agosti ikakaribia, na watoto wa Kakuma walikuwa waje kwa jamaa zao, tushindane kupiga mikebe. Akiru alinichagua niwe mwenzake. Wengine waliguna. Yeye akaniambia, "Wewe ukikosa, watasema ni mtu ya Kenya amekosa. Usikose."

Nilikosa usingizi. Baba alipokwenda Kakuma kikazi nikamsihi twende wote, na huko sokoni nikamwona fundi Mkongomani aliyechonga mashimo mawili kila upande wa bawaba nene ya mlango. Ukiifunga, inabana risasi mbili kwa mpigo. "Hii iko nguvu, mama. Haivunjikake hata siku moja," akaniambia. Nikampa jometri yangu nzima, kisanduku na bikari yake. Mama alipouliza ilikokwenda nilisema imezama mchangani, naye akajibu, "Basi na wewe utazama kwenye hesabu." Nilizama kweli.

Bawaba ile niliitumia juani, na risasi zangu nikazianika juu ya bati. Kisii tulianika kila kitu juani, mahindi, wimbi, hata magodoro. Kufikia jioni zilikuwa zinang'aa, ngumu, nzuri kuliko za mtu yeyote. Akiru alizipima mkononi, akatikisa kichwa. "Hii chuma yako inapika udongo. Udongo ya hapa inataka kivuli." Nilidhani ana wivu.

Siku ya mashindano tulijipanga kwenye mto mkavu, mikebe ya mafuta ya kupikia ng'ambo. Kila mtu risasi tatu, na sheria ilikuwa moja: hupigi risasi ambayo hukufinyanga. Yangu ya kwanza ilipasuka nilipoachia mpira, ikawa vumbi usoni pangu. Ya pili vilevile, kwa kuwa jua lilikuwa limekausha nje upesi na kuacha nyufa ndani. Watoto wa Kakuma walicheka mpaka wakakaa chini. Nikasikia mtu nyuma akisema, "Mtu ya Kenya," na machozi yakanijia.

Akiru akaniwekea kidonge kiganjani. Wakapiga kelele kwamba anavunja sheria. "Hii alifinyanga yeye," akasema. "Alishika upande moja, mimi nilishika upande moja. Ilikuwa kwa mtungi ya nyanya." Wakanipisha, maana ilikuwa kweli. Nikavuta mpira hadi sikioni, nikaachia, mkebe ukalia na kupinduka. "Mtu ya Lodwar amepiga!" Akiru akapaza sauti, na tangu siku hiyo sikuitwa jina lile tena. Tulishindwa kwa mkebe mmoja, lakini mimi nilirudi nyumbani nikiimba.

Baba alipohamishwa tena, Akiru alinipa nusu yangu ya lile kokwa. Desemba iliyopita nilimpeleka mwanangu Lodwar. Akiru sasa ni mwalimu. "Ejok," akanisalimu, kisha akaingia ndani akatoka na nusu yake. Nikatoa yangu; bado zinakaa sawa. Tukafinyanga kidonge kimoja, watu wazima tumepiga magoti, na mwanangu akauliza tutakipiga lini.

"Baada ya siku nne," Akiru akamjibu.

Kijana akashika kichwa. Nami nilikuwa na tiketi ya kurudi kesho yake. Niliisogeza mbele.