Bima ya Gari Lililopigiwa Mwano

Gari langu lilipoibwa Segese nilipiga mwano. Kwetu mwano ni ukelele wa kuomba msaada: anayeusikia huacha jembe na kuwafuata wezi wa ng'ombe. Mimi niliupiga kwa simu. Niliandika kwa uangalifu: basi dogo jeupe, viti vimeng'olewa, ndani kitanda na jiko la gesi, mstari wa kijani ubavuni, kovu kwenye bampa. Nikaweka picha na namba, nikawatumia sungusungu, madereva na wauza mafuta. Lile gari lilikuwa nyumba yangu. Natengeneza pampu za maji za wachimbaji wadogo, na wakihamia rashi, machimbo mapya ya dhahabu, nahama nao.

Lilipatikana Nyarugusu, likiwa na namba nyingine na kadi ya mtu aliyeuziwa kwa nyaraka za kughushi. Mahakama ikanirudishia, likasajiliwa upya kwa jina langu, namba ya tatu. Nikazungukia Ushirombo, nilikokuwa na kazi, nikaliingiza Kahama kulikatia bima.

Wakala wa bima alikuwa mama mtaratibu. Alimulika namba ya chesisi kwa tochi ya simu, akailinganisha na kadi, akasimama.

"Thadi pati, ile bima ndogo, nakukatia sasa hivi, sheria inataka. Bima kubwa, bado."

"Kwani karatasi zina kasoro, mama?"

"Karatasi hazina neno. Ule mwano wako umeuzima?"

"Polisi wanajua limepatikana."

"Polisi hawatalichoma. Nauliza Segese wanajua?"

Akanigeuzia simu yake. Ilikuwa picha niliyoituma mimi, kwenye kundi la kwaya yake, imesambazwa tena wiki hiyohiyo. Chini yake mtu ameongeza: "Wamebadili namba. Msidanganywe na karatasi."

Kila nilichokuwa nacho cha kujitetea kilikuwa karatasi.

Nililiacha gari uani kwake, nikapanda basi kwenda Segese kumwona kamanda wa sungusungu. Nilimkuta kwake na katibu wake, wanafunga magunia ya mpunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Gari liko wapi?"

"Kahama. Naomba mtangaze kwamba limepatikana."

Alitikisa kichwa. "Watu waliacha mashamba wakafuata gari lako. Ng'ombe aliyepigiwa mwano akirudi, anapitishwa kwa waliomfuata, wamwone. Nimtangaze ambaye sijamwona?"

"Naogopa, mzee."

"Una haki ya kuogopa. Kuna waliosema likionekana wasiulize."

Katibu alicheka. "Nawe ungeandika vibaya kidogo. Mpaka kovu la bampa umelitaja."

Kamanda alikubali kuja Kahama, tulirudishe gari Segese pamoja. Siku ya safari wakala alitusindikiza hadi getini. "Ukirudi nalo, nalikatia," alisema. "Gari, lakini. Wewe mwenyewe sina bima ya kukukatia."

Niliendesha polepole, kamanda pembeni yangu na filimbi shingoni. Tulipoikaribia Segese dereva wa bodaboda aliitazama namba, akaitazama simu yake, akageuza na kutufuata. Wakaongezeka wengine. Kwenye njia panda gogo lilikuwa limeshavutwa barabarani. Ubapa wa panga ulilia ubavuni mwa gari. Jiwe likavunja kioo cha nyuma. Niligusa ufunguo.

"Usizime," kamanda alisema. "Watadhani unataka kushuka utimue mbio."

Alipiga filimbi dirishani, kelele zikaimeza. Mbele yangu alisimama mtu ameshika chupa ya petroli. Nilimtambua, pampu yake niliitengeneza mwenyewe. Alikuwa ananitazama kama hajawahi kuniona.

Kamanda alishuka, akaenda kusimama kati ya chupa na bampa, akapiga filimbi tena mpaka wakanyamaza. Aliongea Kisukuma. Aliuliza ni akina nani waliolifuata gari hili. Mikono ikanyanyuka. Akawaambia waje waliguse, wamtazame na mwenyewe. Walikuja mmoja mmoja, wakapitisha viganja kwenye ule mstari wa kijani. Mimi nilikaa mikono juu ya usukani, shati limelowa. Mwenye petroli alikuja mwishoni. Alikuwa ameifunga chupa.

"Fundi," alisema, "ile pampu inavuja tena."

Nilirudi Kahama mchana uleule. Wakala alipiga picha gari pande zote, hata nyuma. "Kioo hicho kimevunjika kabla ya bima. Silipi," alisema, akanikatia bima kubwa.

Tulipoagana Segese nilikuwa nimemuuliza kamanda kama sasa yameisha. "Mwano wa hapa tumeuzima," alisema. "Huo wa simu sijui unazimiwa wapi."

Juzi mteja alinipigia kutoka Mhunze, ambako hakuna aliyeligusa gari langu. Pampu imekwama, shimo linajaa maji, niende haraka na gari. Bima ninayo, haijaisha. Nilimwambia aipakie pampu kwenye basi, nitaipokea stendi.