Mikono Niliyoifunika kwa Rangi ya Mlango

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu. Nilirudi kutoka soko la Muthurwa nilikokuwa nikiuza nyanya, nikamkuta mdogo wangu Achieng' ametoka, na picha zake zimeegemezwa ukutani. Kesho yake zilikuwa zitundikwe katika ukumbi wa hapa Kaloleni. Alichora akina dada tu huyo: wanaochota maji, wanaobebana mgongoni. Mchoraji mwenzake, Mwende, alikuwa kwenye picha tatu, uso mzima, anacheka. Tena mbele za watu Achieng' alimwita dada. Na mimi niliyetoka naye tumbo moja?

Nilikuwa kwenye moja tu. Msichana ameketi sakafuni anasukwa, na nyuma yake kuna magoti mawili na mikono miwili, ule wa kulia una kovu langu la jiko. Kifuani picha inakatika. Sina kichwa.

Nilishikwa na wivu, sikufichi, wivu wa kusaga meno. Nikachukua rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango, nikaifunika mikono yote miwili. Kisha nikabandika ugali.

Achieng' aliporudi aliigusa ile rangi mbichi kwa kidole.

"Sista, ni wewe umepaka hii?"

"Mwende umempa uso. Mimi umenikata kichwa kama kuku wa Krismasi."

Hakupandisha sauti. "Tangu mama atuache, nani alikuwa ananisuka? Nikikaa hapo kwa magoti yako, uso wako ningeuonea wapi? Mikono ndiyo nilikuwa najua. Nilikuwa nafunga macho nasema ni ya mama."

Hasira hasara, na yangu niliiona ikikauka mbele yangu. Tulisugua kwa kitambaa na mafuta taa mpaka ugali ukaungua. Rangi ya kijani ilitoka, ikaondoka na mkono wa kushoto. Picha ikatundikwa hivyo hivyo. Mgeni mmoja alipouliza mkono mwingine uko wapi, Achieng' alijibu, "Ni mimi niliharibu." Hata moyo wake huo niliuonea wivu.

Mkono huo hajauchora tena mpaka leo. Nimemwomba mara mbili, anasema picha ilishakwisha.

Sasa wewe una mdogo wako, na nakuona unavyonuna marafiki zake wakija. Nisikilize. Ndugu yako akipata wa kumpenda nje, hajakupunguzia chako. Usidai kupendwa kama fulani alivyopendwa, maana pengine wewe umewekwa mahali ambapo fulani hawezi kufika. Na jambo likikukera, muulize kwa mdomo, usimjibu kwa mkono. Majuto ni mjukuu, na wangu bado namlea.

Mungu akujalie ulimi wa kuuliza mapema, mwanangu. Na siku utakapokosa, maana utakosa, akupe ndugu wa kusimama mbele za watu na kusema, "Ni mimi niliharibu."