Hereni ya Bibi Harusi ilipopotea na maneno ya mama watoto

Saa tisa alasiri, mlango wa chuma wa banda la kukamulia unafunguka na ng'ombe wa kwanza anaingia akiburuta kwato. Mkamuaji anavaa miwani yake nene na kumtazama. Hewani, kando ya shavu la ng'ombe, yanatokea maandishi anayoyaona yeye peke yake: namba, lita za asubuhi, tarehe ya chanjo.

"Huyu ana mimba ya miezi minne," ananiambia bila hata kumgusa. "Zamani ningeingiza mkono mpaka begani. Siku hizi naletewa habari nimesimama, kama mtu anayepewa umbea."

Wenzake humwita Bwana Miwani. Ana miaka arobaini na saba, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa katika shamba hili lenye ng'ombe themanini na sita. Kila mmoja amevalishwa hereni ya kielektroniki sikioni. Miwani huisoma na kuonyesha kumbukumbu zote za mnyama.

Aliyeziingiza kumbukumbu hizo mwanzoni ni mkewe, aliyekuwa karani wa shamba. Chini ya takwimu kuna sehemu ya maelezo, na mama huyo, mcheshi kama nini, aliijaza apendavyo, akijua fika nani angeyasoma.

"Kwa ng'ombe mmoja aliandika: 'Huyu hapendi haraka. Kama mimi, baba watoto, na unalijua hilo.' Nilicheka nusura nimwage maziwa."

Miaka mitano iliyopita mkewe alikwenda ng'ambo kuhudumia wazee majumbani mwa watu. Watoto watatu walikuwa shuleni na mishahara yao miwili haikutosha. Aliaga kwamba ni miaka miwili tu. Mkataba umeongezwa mara mbili. Simu anapiga kila Ijumaa.

"Kwenye simu ni karo, paa linavuja, nani anaumwa. Utani umetuishia. Huku kwa ng'ombe ndiko nilikokuwa namkuta mwenyewe."

Lakini ng'ombe huzeeka wakauzwa, na hereni hung'oka. Ikiwekwa mpya, takwimu huhamishiwa namba mpya, maelezo hayahami. Mwaka huu ulipoanza, alikuwa amebaki ng'ombe mmoja tu mwenye maneno ya mama watoto. Ni huyo huyo asiyependa haraka, aitwaye Bibi Harusi kwa sababu haingii bandani mpaka abembelezwe.

Mwezi uliopita Bibi Harusi alirudi kutoka malishoni sikio likiwa tupu.

Msimamizi wa shamba alitoa hereni mpya stoo. Bwana Miwani akamwomba siku mbili. Alizunguka malisho yote kwa miguu, akapekua samadi kwa reki, huku wenzake wakimuuliza kama ng'ombe alikuwa amevaa dhahabu.

"Sikuwaambia. Ningeanzia wapi? Mtu mzima kulilia hereni!"

Hakuipata. Siku ya tatu hereni mpya ikabanwa, naye akavaa miwani akamtazama Bibi Harusi. Pale palipokuwa na maneno ya mkewe paliandikwa: Hakuna maelezo. Anakiri kwamba alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maziwa.

"Maneno yenyewe nimeyahifadhi kichwani. Lakini mimi kuyasema si sawa na yeye kuniambia."

Msimamizi alimfuata, na alipoelezwa, akamkalisha kwenye kompyuta ya ofisi ayarudishe. Bwana Miwani, kwa kidole kimoja na kwa muda wa nusu saa, akaandika yake: "Mama watoto, huyu ni Bibi Harusi. Sote wawili tunakungoja. Yeye anakula vizuri."

Tangu hapo, baadhi ya siku amalizapo kukamua, humwandikia mkewe kupitia ng'ombe mwingine. Amefikisha kumi na mmoja. Mkataba unaisha baada ya miezi saba, na mpango wake anao.

"Kabla hajaweka begi chini, namvisha miwani. Apite kwa mmoja mmoja, asome."

Na mkataba ukiongezwa tena? namuuliza.

Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti.

"Ng'ombe wanazaa, dada," anasema. "Nitaendelea kuandika."