Refa wa Dakika Kumi

Mtaa mzima ulimwita Refa, ingawa ugali wa watoto wake ulitoka kwenye kufuli. Alikuwa fundi: anachonga funguo, anafungua milango ya waliojifungia nje, anatengeneza vitasa. Lakini kila wikiendi kwa miaka kumi na tisa alivaa nguo nyeusi akaenda kuchezesha mechi za ligi ya wilaya, dakika tisini kamili, na hakuna aliyewahi kusema amehongwa hata soda. Aliwahi kumtoa nje kwa kadi nyekundu shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe. Shemeji alikaa miezi mitano bila kukanyaga kwake.

Siku moja alikuja kibandani dada mmoja mwenye kofia ya njano, mtu wa matangazo wa kampuni ya magodoro.

"Shikamoo, fundi. Nimeambiwa wewe ndiye refa."

"Marahaba. Ndiye mwenyewe."

Dada akamweleza. Kampuni inaleta mpira kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya soko. Watu watano kila upande, na mmoja wao lazima awe mwanamke. Goli la mwanamke linahesabiwa mawili. Hakuna kuotea. Dakika kumi, mchezo umekwisha.

"Dakika kumi?" Refa aliweka chini tupa ya kuchongea funguo. "Binti yangu, hata chai haipoi!"

"Ndiyo raha yake, baba. Watu wanatoka sokoni, wanasimama, wanafurahi, wanakumbuka godoro letu."

"Basi tafuteni mchekeshaji."

"Mchekeshaji tunaye, ndiye atakayeshika kipaza sauti. Tumekosa mtu ambaye akipuliza filimbi, maneno yameisha."

Hapo alimpata. Refa alijikuna kidevu, akauliza saa ngapi.

Nyumbani alimsimulia mkewe kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na siku hiyo sebule ilikuwa imejaa sketi za bluu. Alicheka mpaka akaitoa miguu kwenye pedali.

"Unacheka nini?"

"Baba Pacha, mafundi cherehani tumejiandikisha wiki iliyopita. Tunacheza na waoka mikate. Mimi ni wa akiba."

Refa alisukuma sketi kando, akaketi. Mkewe alikuwa amefua zile nguo nyeusi miaka yote hiyo, lakini uwanjani alikwenda mara moja tu, mwanzoni kabisa. Alisikia mashabiki wanavyomtukana mumewe na mama mkwe wake, akarudi nyumbani kabla ya mapumziko, akaapa harudi. Sasa anakuja, tena na jezi!

Jumamosi walikuta nyasi bandia zimetandazwa juu ya lami, kuta za kujaza upepo zimezunguka pande zote, muziki unapigwa na watu wamefurika. Meza ya zawadi ilikuwa na godoro moja kwa kila mshindi. Refa alikagua nyavu, akapima lango kwa hatua, akamwambia mtangazaji, yule mchekeshaji, azime muziki mpira ukichezwa. Mtangazaji alimwangalia usoni, akazima.

Kumbe golikipa wa mafundi cherehani alikuwa amejichoma sindano ya mashine kidoleni asubuhi ile. Mama Pacha akavaa glavu. Ujanani aliwahi kulinda goli la netiboli la shule, na urefu bado alikuwa nao.

Filimbi ikalia. Dakika ya kwanza haijaisha, mpira ulimgonga tumboni mwoka mikate mmoja aliyegoma kuvua aproni. Wingu la unga likafumuka, na mpira ukadunda kutoka kwake mpaka wavuni. Watu wakalala chini kwa kicheko. Refa alihesabu goli, akageuka haraka kutazama saa, maana mdomo ulikuwa unamsaliti. Miaka kumi na tisa, na hakukumbuka kucheka uwanjani hata siku moja. Hapa hapakuwa na muda wa kununa: mpira ukitoka huku, uko kule, ukimtukana refa, umepitwa na goli. Alikimbia kama kijana.

Ikabaki nusu dakika. Cherehani manne, mikate matatu. Mshona suruali mmoja akaudaka mpira mbele ya lango lake kama mtu anayedaka nazi. Filimbi. Penalti!

Mpigaji alikuwa dada wa kukanda unga, miguu imejaa, hana mzaha. Akifunga ni mawili, na mikate wamebeba magodoro. Akarudi hatua tatu, akaachia kombora. Mama Pacha aliruka kushoto, akaupangua. Uwanja ukalipuka.

Filimbi ikalia tena. Refa alikuwa ameinua mkono.

"Golikipa ameacha mstari kabla mpira haujapigwa. Irudiwe."

"Jamani!" mtangazaji akapaza sauti. "Refa leo atalala nje, tena bila godoro!"

Umati ukazomea, ukacheka, ukazomea tena. Refa alimtazama mkewe akisubiri maneno. Mama Pacha alifuta glavu kwenye suruali.

"Mguu gani?"

"Yote miwili."

"Haya."

Akarudi mstarini, akaukanyaga kama anakanyaga pedali. Dada wa unga alipiga chini, kulia. Mama Pacha akaanguka kama gunia, na mpira ukamgonga goti, ukaruka juu ya ukuta wa upepo mpaka kwenye mabeseni ya muuza nyanya. Muda ulikuwa umekwisha. Refa alipuliza mara tatu, na ya tatu ilitoka ndefu kupita sheria.

Dada wa unga alikuwa wa kwanza kumwinua golikipa. "Mama, umenikomesha mara mbili!"

"Mwanangu, ile ya kwanza nilikuibia."

Refa alisogea taratibu, kama mtu anayepima maji kwa kidole. "Umekasirika?"

"Nilijua nimetoka," Mama Pacha akasema, akihema. "Nilitaka kujua kama utaona. Ungeninyamazia, hapo ndipo ungelala nje kweli."

Walibeba godoro vichwani, mke mbele, mume nyuma, na njia nzima watu wakawapigia makofi. Yule shemeji wa kadi nyekundu alijitolea kushika katikati. Mlangoni likakwama. Yule fundi aliyefungua milango ya mtaa mzima akabaki nje, kichwa ndani ya sponji, mkewe akimwelekeza kutoka ndani: "Kushoto! Kushoto kwangu, si kwako!"

Wakacheka wote watatu mpaka nguvu za kusukuma zikawaishia.