Mmea wa Gregory Unaegemea Duara

Saa mbili asubuhi, Rwamgasa, mkoani Geita. Wageni wa gesti wameshakwenda machimboni, na Paskalia Sikujua amepiga magoti mapokezi mbele ya ndoo ya plastiki iliyopandwa mmea wa mpira. Kiganja kimoja anakiweka chini ya jani, kwa kingine anapangusa vumbi akitumia kitambaa chenye unyevu. Majani ni thelathini na moja. Huyahesabu kila siku, na haoni haya kusema kwamba huyahesabu kwa hofu.

"Likianguka moja, siku hiyo hata ugali haupiti kooni," anasema.

Paskalia, 34, ni mhudumu wa gesti hii ya vyumba tisa. Anafagia, anafua mashuka na kuchemsha chai, kwa Sh150,000 kwa mwezi na chumba kimoja uani. Mmea si sehemu ya kazi yake. Ni wa mumewe, Gregory, aliyeununua Mwanza ukiwa na majani manne tu, akaupakata kwenye basi njia nzima huku abiria wakimcheka.

Asubuhi moja ya Machi, miaka miwili iliyopita, Gregory alishuka na wenzake wawili kwenye duara, ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoita shimo lao. Mlangoni alimwachia mkewe neno moja: "Mama Noela, usiuzidishie maji." Kabla ya adhuhuri duara likaporomoka. Wenzake walitolewa wakazikwa. Gregory hakuonekana hata kiatu, na shimo likafukiwa.

Tangu hapo mmea umekuwa na mambo yake. Mmea wa ndani hufuata mwanga, hilo halina mjadala. Huu uko jirani na dirisha la mashariki, lakini unaegemea ukuta wa magharibi, ukuta mtupu kabisa. Nyuma ya ukuta huo, mita mia mbili hivi, ndipo lilipokuwa duara. Kila Jumamosi Paskalia huigeuza ndoo robo mzunguko, kama mumewe alivyomfundisha. Ikifika Jumatano, mmea umesharudi ulikotaka.

"Mwanzoni nilidhani wageni wananichezea," anasema. "Siku hizi siulizi."

Lililomtisha zaidi lilianza mwezi uliopita. Kabla ya kumwagilia, yeye huchomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukiwa mkavu, anamwagilia. Siku hiyo ilikuwa ya tisa bila maji. Kidole kikatoka kimelowa chapachapa. Majani mawili ya chini yakageuka njano, dalili kwamba mizizi inaoza.

Akawabana wageni, wakakiri bila kuzungusha maneno. Kila asubuhi kabla ya kwenda kushuka, kila mchimbaji alikuwa akimwaga kidogo chai yake kwenye ndoo, "ya Gregory".

"Loo! Ndiyo kumkumbuka mtu huko, kumuulia mmea wake?" aliwafokea.

Waliomba radhi, wakaacha. Lakini hakuwaamini. Aliuhamishia mmea chumbani kwake, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni.

Wiki ilipopita alichomeka kidole. Maji tena, ya baridi, wala hayakunuka chai.

"Nilikaa kitandani nikalia," anasema. "Nikamwambia, Gregory, kama ni wewe, si ulisema mwenyewe nisizidishe?"

Yuko katika hali hiyo, baba mkwe wake, Mzee Jilala, akafika kutoka Ushirombo. Ukoo ulikuwa umechoka kungoja. Kwao, mtu asiyepatikana huzikiwa kitu chake alichokipenda, ili msiba uishe, na wazee walikuwa wameuchagua mmea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alimjibu, yaani mama kwa Kisukuma. "Nimeufuata."

Paskalia aligoma. Kuuzika mmea aliona ni kumfukia mumewe mara ya pili. Akamwonyesha mzee kichipukizi chekundu kileleni. "Unatoa jani jipya, baba. Nitazikaje kitu kinachoota?"

Mzee Jilala, ambaye naye alichimba dhahabu ujanani, hakubishana. Alichomeka kidole kwenye udongo, akakinusa. Akanusa tena. Kisha akakaa chini.

"Haya ni maji ya shimoni," alisema. "Nimeyanywa miaka kumi na moja. Umeyatoa wapi?"

"Sijayatoa popote, baba."

Hapo mzee akasema mmea ubaki, tawi moja linatosha kuzikwa. Paskalia alilikata kwa wembe chini ya kifundo, pale ambapo mizizi huota. Utomvu mweupe ukachuruzika, akaziba kidonda kwa majivu. Aliomba jambo moja tu: kaburi lisiwe na kina kirefu, na ncha ya tawi iachwe nje. Mzee akakubali. Tawi lilizikwa Ushirombo Jumamosi iliyopita, na mmea ukarudi mapokezi.

Tawi la mpira huchukua wiki sita hivi kushika. Zikitimia, Paskalia atapanda gari kwenda Ushirombo na kitambaa chake.

"Nitalipangusa, halafu nitaangalia linaegemea wapi," anasema. "Likielekea huku Rwamgasa, basi bado yuko huku, nami nitaendelea kumngoja. Likisimama wima, amefika kwao. Nitavaa nyeusi, nilie kama wajane wengine."

Anamaliza jani la thelathini na moja. Tangu Jumamosi hajamwagilia. Anachomeka kidole kwenye udongo, anakitoa, anakisogeza dirishani akitazame vizuri. Ni kikavu.

"Umekwenda?" anauuliza mmea, kwa sauti ya chini.

Kisha anainuka kwenda kuchota maji, kikombe kimoja tu, asije akauzidishia.