Uliniona Kutoka Wapi?

Walisema Gumba hatavuka bahari. Gumba huyo nilikuwa mimi. Kwetu Embu nilipewa jina hilo kwa ufupi wangu, jina la watu wadogo waliokaa katika mashimo mlimani kabla ya babu zetu kufika.

"Huyu kimo cha jembe akasome Bara Hindi?" mlinzi wa kijiji alinicheka. "Meli itamsahau bandarini!"

Ilikuwa Hali ya Hatari, wakoloni walipopigana na wapigania uhuru. Tulikuwa tumehamishwa kwa nguvu, tukarundikwa pamoja, na kila asubuhi tulichimba handaki la kuzunguka kijiji. Siku moja jembe langu lilizama. Chini palikuwa na shimo la mviringo, vigae vya chungu, na vipande vya mawe meusi vikali kama wembe. Wenzangu walirudi nyuma kwa hofu. Mimi niliingia. Lilinienea kana kwamba nilipimwa.

Mjane jirani yetu aliita kutoka ukingoni: "Wee! Mwenye shimo akikuuliza, 'Uliniona kutoka wapi?' utasemaje?"

"Kutoka mbali, nyanya."

"Basi utaishi."

Kila mtoto alijua jibu hilo. Gumba hapendi kuambiwa ni mdogo; ukisema umemwona sasa hivi miguuni pako, anakuchoma mshale.

Nilitoka shimoni nimeamua: nitasomea watu wa kale. Mjane alinipa mbuzi wake jike nikauze nipate nauli. Majirani wawili wakatoa wao pia. Kwetu mbuzi wa kuazima harudi peke yake. Hurudi na mwanawe.

Nilivuka, nikarudi na diploma, wa kwanza kijijini, na nasema bila haya. Huko masomoni nilikuwa nimeshika sanamu za mafuvu ya jamaa zetu wa kale waliotoweka duniani. Siku hizi imefukuliwa hata mifupa ya jamaa wafupi kuliko mimi, kisiwani Indonesia. Je, Gumba alikuwa wa aina hiyo? Sidhani. Vile vigae vilikuwa na masizi ya kupikia. Naamini alikuwa mtu kama sisi, mwenye njaa na majivuno.

Nilipata kazi ya ualimu katika shule ya Kaaga. Mshahara ulipotosha, nilinunua mbuzi watatu wenye wana, nikawaswaga mwenyewe hadi kijijini, kifua mbele. Mlinzi yule alinifungulia lango. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane. Alikuwa mlangoni, ameshika fimbo.

"Nyanya, uliniona kutoka wapi?"

Alimpapasa mwanambuzi masikio, akacheka.

"Kutoka mbali, mjukuu wangu. Tangu kule handakini."