Mama Mkwe Alipokuja Kuona Ndovu Wangu

Kazi yangu ni kufyeka majani. Naanza hapo kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa naanzia kwingine.

Upande wetu wa Nyeri, pale mashamba ya viazi na kabeji yanapopakana na msitu wa Mlima Kenya, kuna waya wa stima unaotenganisha ndovu na chakula chetu. Kila kipande cha waya huo kina mtu wake. Mtu huyo hupita na panga na slasha akikata kila kinachotaka kuugusa, maana jani bichi likiulalia, stima humwagika ardhini, na ndovu, ambaye si mjinga, hujua siku hiyo hiyo. Kipande kimoja ni changu. Nilipewa gambuti, koti la mvua na kipimo kidogo cha stima ambacho kilikufa mvua ya kwanza iliponyesha. Bunduki sikupewa, na aliyenikabidhi gambuti hakunitazama kama mtu ambaye siku moja angefikiria kunipa.

Nilipopata kazi hii mke wangu alimpigia mama yake simu kule Kangari, Murang'a, kwenye majani chai. Akamwambia, "Amepata kazi ya wanyamapori." Hakusema uongo. Lakini mama mkwe alipeleka habari kanisani, na kanisani habari haikai vile ilivyoingia. Kufikia Krismasi, tulipoenda kuwasalimu, nilikuwa ofisa.

Ningeweza kusahihisha. Tatizo lilikuwa koti. Nilikuwa nimenunua soko la mitumba la Karatina koti la kijani lenye mifuko kifuani na vikanda mabegani, na nililivaa siku hiyo kwa sababu ndilo lililokuwa safi. Mzee mmoja, jirani yao, alinitazama juu hadi chini akauliza kama nilipita Kiganjo, kule wanakofunzwa polisi. Nikasema nilipita. Na kweli nilipita, nikishuka Nyeri mjini kununua soksi za gambuti.

"Sasa ukikutana na ndovu," mzee akauliza, "unafanya nini?"

"Unamwangalia machoni," nikasema.

Sijui nilikotoa maneno hayo. Nimekutana na ndovu mara kadhaa, na walichokiona kwangu kila mara ni mgongo. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, na uso wake ulikuwa umejaa fahari ambayo singeweza kumnyang'anya. Akanimiminia chai mimi kwanza, kabla ya wazee.

Basi ilikuwa lazima siku moja aje kujionea.

Walikuja wanne, yeye na wenzake watatu wa kikundi cha akina mama, leso zao za aina moja mabegani, na mfuko wa majani chai, na ndizi, na kuku hai ambaye alikuwa amekasirika tangu Murang'a. Walilala kwetu, na asubuhi, baada ya uji, mama mkwe akatangaza kwamba sasa wanataka kuona ndovu.

"Ndovu hawaitwi kama ng'ombe, Mama," nikasema. "Wanaweza kukosa kuonekana." Nilikuwa nikiomba Mungu wakose.

"Hata kama. Tuonyeshe tu mahali unafanyia kazi."

Mke wangu, anayejua kazi yangu vizuri kwa sababu ndiye hufua matope yake, akasema atabaki kumtafutia kuku kamba. Alinitazama nikifunga vifungo vya koti la kijani kimoja baada ya kingine mpaka shingoni. "Haya, ofisa," akasema. "Enda uwaonyeshe."

Tulifuata kijia kilicho kando ya waya, upande wa mashamba. Jua lilikuwa limetoka na mlima ulikuwa wazi mpaka kwenye theluji. Nilitembea mbele, mikono nyuma, nikieleza. Nilieleza maji yanatoka wapi, na kwamba msitu ukiisha hata mpunga wa Mwea utakauka. Nilieleza jinsi mbega, yule mweusi mwenye mkia mweupe, hashuki chini ovyo. Mengine nilikuwa nimeyasikia kwa sajini wa askari wa wanyamapori akifunza watoto wa shule, na mengine niliyatunga papo hapo. Akina mama waliitikia "eeh" na "kumbe", na nikaona nyumba nzima ya wakwe zangu ikiinuka hatua kwa hatua.

Mmoja wao, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, akauliza, "Na utajuaje stima iko?"

Swali zuri. Kipimo kilikuwa kimekufa, lakini kuna njia ya watu wa kazi hii. Unachukua jani refu la nyasi, unalilaza juu ya waya ukiwa umelishika mwisho kabisa, kisha unalisukuma mbele pole pole mpaka usikie kidole kikidundwa kidogo. Jani liwe refu, na lisiwe na umande. Haya mawili nayajua. Nimewaambia watu wapya zaidi ya mara moja. Lakini nilikuwa nikizungumza huku nikiwatazama akina mama badala ya kutazama mkono wangu.

"Ni kitu ya kawaida tu," nikawaambia, nikachuma jani fupi lililojaa umande.

Stima ile haiui. Imetengenezwa hivyo, na nilikuwa nimetoka kuwaeleza. Inakupiga tu ngumi ya bega, mara moja, kama mtu aliyekuvizia. Nilitoa mlio ambao sikujua ninao, nikarudi nyuma, nikakalia thabai. Kwa wasiojua, thabai ni majani ya porini yanayowasha, ambayo mama zetu huyachemsha na kuyaponda pamoja na viazi kwenye mukimo. Yakichemshwa ni mboga. Kabla ya hapo si mboga.

Akina mama waliniinua. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama mkwe akanipangusa mgongoni na leso yake, akawageukia wenzake na kusema kwa upole, "Mnaona? Hii kazi iko na hatari."

Nilikuwa bado najikuna nilipoona macho ya yule mrefu yameganda juu ya bega langu. Niligeuka.

Ndovu alikuwa upande wa msitu, karibu kiasi kwamba niliona kope zake. Ni dume lenye pembe moja nzima na moja iliyovunjika, na sote tunaofanya kazi kwenye waya tunamjua, kwa maana pembe haipitishi stima na yeye aligundua hilo kabla yetu. Huja pole pole, bila fujo, anaegemeza ile pembe nzima kwenye posti, anasukuma. Posti ikilala, waya unalala, naye anaingia kwenye viazi vya watu kama aliyealikwa.

Akaegemeza pembe kwenye posti.

Utaratibu tuliofunzwa ni huu: unasogea mbali, unapiga kelele, unapigia askari simu. Mimi nilianza na kusogea mbali. Nilisogea kwa kasi sana. Nilikuwa nimefika kwenye kisiki cha mkaratusi nilipogundua kwamba nimesogea peke yangu. Nikatazama nyuma. Wale watatu walikuwa wamepiga hatua chache tu na kusimama, kwa sababu mama mkwe alikuwa hajatoka pale pale aliponipangusa. Magoti yake hayakimbii. Nilikuwa nalijua hilo. Mimi ndiye niliyemshika mkono asubuhi kuvuka mfereji.

Ningependa kusema kwamba upendo ulinirudisha. Nilimfikiria mke wangu jikoni na kuku, akiniuliza, "Mama yuko wapi?" Nikarudi.

Nilisimama kando ya mama mkwe, nyuma kidogo, nikafungua mdomo kupiga kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayebisha hodi kwa tajiri. Ndovu alipeperusha sikio moja. Posti ililia, ikaanza kuinama.

"Si umwangalie machoni," mama mkwe akasema kwa sauti ya chini.

Nilimwangalia. Naapa. Alikuwa na jicho la kahawia, lenye unyevu chini yake, na halikuwa na habari na mimi.

Posti ikakatika. Na kwa mshtuko wa ule mlio, mama mkwe akapiga ngemi. Alisema baadaye kwamba alitaka kupiga mayowe, lakini koo lake limezoea harusi. Sasa, mwanamke wa kwetu akisikia vigelegele hawezi kuviacha hewani peke yake. Wale watatu wakaitikia palepale, bila kufikiri, kwa sauti kamili ya kupokea bwana harusi. Mama mkwe akaongeza. Wakaitikia tena. Bonde lote likajaa.

Ndovu yule amepigiwa filimbi, mabati na baruti, na sikuwahi kumwona akiharakisha. Lakini hiki alikuwa hajakisikia. Aliinua kichwa, akatandaza masikio yote mawili, akasimama hivyo kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akarudi kinyumenyume, akageuka, akapotea kwenye mianzi. Tulisikia matawi yakivunjika kwa muda, halafu hatukusikia kitu. Huenda alikuwa ameshiba. Akina mama hawakubali maoni hayo.

Nilipiga simu. Sajini alifika na askari wawili, bunduki begani, wakatazama posti na kinyesi na alama za miguu. Nilitaka kuzungumza naye kando, lakini mama mkwe alikuwa amefika kwanza na mkono ameunyoosha.

"Asante kuja," akamwambia. "Lakini mkubwa wenu hapa ameshafanya kazi."

Sajini aliangalia kushoto na kulia. "Mkubwa gani, Mama?"

"Si huyu ofisa. Mtoto wangu."

Sajini ni mtu mzuri, na naamini alitafuta njia. Alilitazama koti langu la kijani, vifungo mpaka shingoni, na matako yaliyojaa matope. "Huyu ni wetu wa kufyeka," akasema hatimaye. "Ni mfanyakazi mzuri. Isipokuwa hapa kwa posti hii tumemwambia hilo tawi mara nyingi."

Tawi lilikuwepo kweli, limelalia waya wa juu. Nilikuwa nimekusudia kulikata.

"Ati kufyeka?" mama mkwe akasema. "Hana bunduki?"

Askari mmoja akakohoa. "Bunduki?" sajini akasema. "Mama, huyu tukimpa bunduki atajipiga mguu."

Nilitazama gambuti zangu. Ningekubali ndovu arudi wakati huo. Kisha nikasikia sauti ya ajabu, nikainua macho, na mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, leso usoni, mabega yakitikisika. Nilidhani analia kwa aibu. Nikachuchumaa kumwomba msamaha, akaiondoa leso, na alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Wewe," akasema. "Unajua tangu upate hii kazi sijalala vizuri? Nasikia kwa redio majangili wamepigana na askari, namwambia Mungu, ofisa wangu yuko huko, usiniachie binti mjane na watoto. Hawa wenzangu nimewachosha na maombi. Ndio wakasema basi twende tumwone." Akanishika mkono. "Kumbe unafyeka! Si hata mimi nimefyeka maisha yangu yote! Mbona haungesema?"

Nilikuwa nimedhani nampa kitu cha kujivunia, na nilichompa kilikuwa hofu ya kulala nayo. Yule mrefu akasema, "Basi tumalize maombi, tuanze ya mwingine," na wote wakacheka, sajini pia.

Tulifanya kazi mpaka mchana. Askari walichimba shimo la posti mpya. Akina mama walijifunga leso viunoni, na mama mkwe akachukua panga langu na kulikata lile tawi mwenyewe, kwa mapigo machache safi, akanirudishia panga. Nililivua koti, kwanza kwa sababu ya joto.

Walipoondoka kesho yake niliwasindikiza mpaka barabarani nikibeba mfuko wa viazi tuliowapa. Gari lilipokaribia mama mkwe akasimama, akatazama juu kwenye msitu, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umefunikwa na ukungu, na manyunyu yameanza.

"Na yule ndovu," akaniuliza, "mvua ikinyesha hulala wapi?"

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, zuri, lenye pango na majani makavu.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Si uulize. Halafu unipigie."

Nilimuuliza sajini siku hiyo hiyo, alipokuja kukagua posti mpya. Alinitazama, maji yakidondoka kwenye kofia yake.

"Nje," akasema.

Nikampigia mama mkwe simu, nikamwambia.

"Maskini," akasema, kisha akaniuliza kama kuku alikuwa mtamu.